Chuma Hakina Kundi la Damu

Alhamisi iliyopita, katika kliniki yetu ya mifupa hapa Kigoma, mama mmoja muuza mawese kutoka Ujiji aliketi mbele yangu akiwa ameegemea upande wa kushoto, kama wanavyoketi wote ambao nyonga yao ya kulia imelika, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimeshalijibu mara mbili asubuhi hiyohiyo. "Mwanangu daktari, kabla hawajaniwekea hicho chuma cha nyonga, si mnipime kwanza damu muone kama kinaendana na mimi?" Kijana wake, aliyekuwa amemshikia mkoba, akaongeza kwamba wana jirani Mwandiga ambaye mwili wake ulikikataa chuma, kikatolewa, na mpaka leo anatembelea magongo. Nilijibu kwa upole. Upole wenyewe ulikuwa wa kujilazimisha, na ndiyo sababu ya andiko hili.

Damu tunaipima, ndiyo, lakini kwa ajili ya kumwongezea mgonjwa damu ikihitajika. Nyonga bandia haiingii katika hesabu hiyo. Anayehitaji kulinganishwa na kinachopandikizwa ni mgonjwa wa figo, kwa kuwa figo ya mtu mwingine ni nyama hai, na kila seli yake imebeba alama za protini za mwenyewe. Chembe nyeupe za mpokeaji huzisoma alama hizo, huziona ngeni, na huanza vita. Ndiyo maana wale waliopandikizwa figo Muhimbili tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2017 hulazimika kumeza dawa za kushusha kinga siku zote figo hiyo inapofanya kazi. Sasa tazama nyonga bandia: shina la titani linaloingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha kauri au cha mchanganyiko wa kobalti na kromu, na kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu ya poliethilini. Hakuna seli hata moja hapo. Titani haina kundi la damu, haina ukoo, wala haina alama za kusomwa. Mgonjwa wa nyonga hapewi kidonge hata kimoja cha kushusha kinga, na tukimpa tutakuwa tunamtafutia maradhi.

Hapa wenzangu wengi huishia kusema kwamba mwili hata hautambui kuwa kuna kitu kigeni. Hilo nalo si kweli, na hunikera karibu sawa na swali la damu. Mwili unatambua vizuri sana. Unachofanya ni kukizungushia kitu hicho utando wake, au, kama uso wake ni wa titani yenye vinyweleo, mfupa huota na kuingia humo katika wiki kadhaa za mwanzo mpaka viwili hivyo vinashikana. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliligundua jambo hili mwaka 1952 bila kulitafuta: alikuwa ameweka vifaa vidogo vya titani ndani ya mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu, na alipotaka kuvitoa vikamgomea, kwa kuwa mfupa ulikuwa umevikumbatia. Kwa hiyo mtu akitaka kabisa kuzungumzia tabia ya mwili mbele ya titani, tatizo la daktari anayelazimika kuirudia nyonga iliyoshika vizuri ni kwamba mwili umekipenda chuma kupita kiasi.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni neno lenyewe, "kukataa". Katika Kiswahili chetu kila kitu hukataa: pikipiki hukataa kuwaka, mtandao hukataa kufunguka, dawa humkataa mtu. Ni neno zuri la kulalamikia, ila halisemi kilichotokea. Kwa miaka kadhaa sasa, kila ninapoambiwa habari za mtu ambaye mwili wake ulikataa chuma, huomba niione picha ya eksirei, au angalau nisimuliwe kidonda kilivyokuwa, na mara zote nakuta jambo lenye jina lake.

Wengi wao, kwanza, hawakuwahi kuwekewa nyonga. Waliwekewa chuma cha kuunga mfupa baada ya ajali ya bodaboda, ambacho kazi yake ni ya muda: mfupa ukishaunga, chuma kinaweza kutolewa au kuachwa, na kikitolewa mtaani husemwa mwili umekitema. Mfupa usipounga, chuma huendelea kubeba uzito peke yake mpaka kinakatika, kama waya unaoupinda huku na huku. Wengine nyonga yao ilichomoka kwa sababu walichuchumaa chooni mapema mno au waliketi kwenye kigoda kifupi, jambo linalotokea zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Huko ni kuchomoka.

Jirani wa Mwandiga, baada ya maswali matano, alionekana kuwa hivi: aligongwa, akawekewa chuma cha paja, kidonda kikawa kinatoa maji wiki ya pili, akaambiwa na watu kwamba mwili unakataa, akakaa nyumbani miezi minne. Yalipokuwa usaha mtupu ndipo alipopelekwa hospitali, na chuma kikatolewa. Naomba msomaji arudi asome tena hiyo miezi minne, maana hasira yangu yote imo humo.

Bakteria huingia siku ya upasuaji, au huja baadaye kwa njia ya damu kutoka kwenye jino bovu, jipu, au njia ya mkojo. Wakiufikia uso wa chuma hujishika na, ndani ya siku chache, hujijengea utando wa utelezi unaowafunika. Chuma hakina mishipa ya damu, kwa hiyo chembe nyeupe na antibiotiki hazina barabara ya kuwafikia vizuri. Kwa nyonga bandia ya mara ya kwanza, katika hospitali zenye utaratibu mzuri, jambo hili huwapata kama mgonjwa mmoja au wawili kwa kila mia. Tukilikamata mapema, ndani ya wiki chache, mara nyingi tunaweza kufungua, kusafisha, kubadilisha kichwa na bitana ya plastiki, kuliacha shina mahali pake, na kutoa antibiotiki kwa muda mrefu. Tukichelewa, kwa kawaida kila kitu hutolewa, mgonjwa hukaa wiki nyingi na saruji yenye dawa mahali pa nyonga, kisha hufanyiwa upasuaji mwingine mkubwa. Tofauti kati ya njia hizi mbili mara nyingi ni neno moja tu lililotamkwa na shangazi kando ya kitanda. Ukiambiwa mwili umekataa, utarudi hospitali kufanya nini? Ukiambiwa kuna wadudu kwenye kidonda, utarudi kesho asubuhi.

Na tusiwalaumu mashangazi peke yao. Nikiwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja, mzee mmoja aliniuliza kwa nini wanamtoa chuma chake. Ilikuwa saa nane usiku, nilikuwa nimechoka, na kueleza utando wa bakteria kulihitaji dakika kumi. Nikamjibu, "Mzee wangu, mwili umekikataa." Alitikisa kichwa akaridhika. Bila shaka naye alikwenda kuwasimulia wengine kwamba daktari ndiye aliyesema.

Kuna jambo moja linalofanana kidogo na kukataa, na ni haki nilieleze. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John Charnley wa Uingereza alitengeneza vikombe vya nyonga kwa Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango. Vikalika haraka, na vumbi lake likasababisha uvimbe na kuharibu mifupa ya mamia ya wagonjwa wake. Alitaka kujua kama kosa ni la vumbi hilo, akajipandikiza vipande vya Teflon kwenye paja lake mwenyewe, na vikavimba. Mwaka 1962 alihamia kwenye poliethilini, na nyonga tunazoweka leo ni wajukuu wa ile. Plastiki nayo hulika, ila polepole: chembe zake ndogo humezwa na seli za usafi za mwili, seli hizo hushindwa kuziyeyusha, hutoa kemikali za hasira, na kemikali hizo huziamsha seli zinazokula mfupa, mpaka shina au kikombe kinalegea. Mwili hapo unapigana na vumbi, wala si na nyonga yenyewe, na mapigano huchukua miaka. Plastiki iliyoboreshwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imepunguza sana tatizo hili. Kumbukumbu za nchi zinazotunza rejista za wagonjwa, nyingi zikiwa za nyonga za zamani, zinaonyesha kwamba takriban asilimia 58 ya nyonga bandia zilidumu miaka 25.

Swali linalonipa shida ni lile ambalo watu huliuliza kwa aibu: "Daktari, nikivaa hereni za bei rahisi masikio yanavimba, je, nyonga?" Muulizaji huyu ana hoja. Mzio wa nikeli kwenye ngozi upo, tena si haba, na nikeli imo kwa wingi katika chuma cha pua, kidogo sana katika kobalti na kromu, na karibu haimo kabisa katika titani. Vilevile, nyonga ambazo chuma kilisuguana na chuma ziliwaletea baadhi ya watu uvimbe uliojaa chembe za kinga, na aina moja mashuhuri iliondolewa sokoni duniani kote mwaka 2010. Lakini ngozi si mfupa. Wapo wengi ambao kipimo cha mzio cha kubandika ngozini kinawaka wekundu na bado nyonga zao zimetulia, na wapo wachache ambao picha ni nzuri, vipimo vya uambukizo viko safi, na maumivu yapo palepale. Sisi madaktari hubishana kuhusu hawa wachache: wengine husema ni mzio, wengine ni bakteria wavivu wanaohitaji hadi wiki mbili kuoteshwa maabara. Mimi huelekea upande wa bakteria, ingawa nimewahi kukosea. Mwenye masikio yanayovimba humwandikia kwenye barua ya rufaa apewe shina la titani na kichwa cha kauri, kikipatikana, na humwambia wazi kwamba hiyo ni tahadhari tu.

Nirudi kwa mama wa Ujiji. Rufaa yake ya Dar es Salaam ilikuwa tayari na kijana alikuwa ameshakata tiketi za treni. Nilimwomba apande kitandani ili niipime nyonga kwa mara ya mwisho, na alipoinua kanga nikaziona chale saba mpya juu ya nyonga ileile, bado zina unga mweusi, mbili zikiwa zimeanza kuwa nyekundu pembeni. Nilimuuliza za nini. Akasema alichanjwa Jumatatu, ili mwili ukipokee chuma.

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikampigia simu daktari wa Dar es Salaam kuahirisha, kwa sababu hakuna mpasuaji mwenye akili timamu atakayepitisha kisu kwenye ngozi ya namna ile, nikamwandikia dawa, nikamwelekeza na kwa daktari wa meno, maana nilipomwambia afungue kinywa niliona gego limeoza hadi mzizi. Kijana alinung'unika kuhusu nauli. Mama hakunung'unika; aliuliza kama chale zikikauka atakubaliwa, nikamjibu atakubaliwa, akauliza kama gego likitolewa nalo atapimwa damu.

"Hilo ndiyo, mama," nilimwambia. "Wakiona haja, hapo watakupima."