Kurekodi hadi taa nyekundu hakufanyi sauti iwe nzito

Mtu analeta vokali aliyorekodi nyumbani. Mawimbi yamejaa skrini kama ukuta wa tofali, vilele vyote vimekatwa. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: "Nilipandisha geini hadi karibu na nyekundu ili sauti iwe nzito." Geini ni kiasi cha kukuza sauti ya maiki kabla haijarekodiwa. Tafadhali, tuachane na hili.

Enzi za kanda lilikuwa na maana. Kanda ina mvumo wake, kwa hiyo fundi alisukuma sauti juu ili ule mvumo umezwe, na kanda ikizidiwa hulainisha vilele taratibu. Intafesi, kile kisanduku kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, haina upole huo. Dari yake ni moja, sifuri kwenye mita ya programu, na kinachozidi hapo hukatwa papo hapo. Vuta karibu neno lililopasuka, tuseme "pamoja" iliyoimbwa kwa nguvu: kilele kilichotakiwa kuwa mviringo kiko bapa kama meza. Ukishusha sauti baadaye unabaki na meza ileile, ila ndogo. Wala usijifariji kwamba mradi umeuweka biti 32 floti, mfumo wa namba unaovumilia sauti kuzidi sifuri ndani ya programu. Kwenye intafesi ya kawaida ya biti 24, sauti imeshakatwa kabla haijafika kwenye kompyuta.

Na hizo biti 24 (za kompyuta, si biti ya prodyuza) zina nafasi tele: kinadharia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 144 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na dari, na intafesi nyingi za nyumbani hufikia 110 hivi. Kati ya mwimbaji na kelele za chumba chenye feni, friji na bati linalolia kwa jua, pengo ni dogo kuliko hilo kwa mbali. Kwa hiyo ukirekodi vilele vikiwa -12, yaani desibeli 12 chini ya dari, hujapoteza chochote. Mawimbi yataonekana membamba kwenye skrini, basi yakuze kwa macho. Programu nyingi zina kitufe cha kuyanyoosha bila kugusa sauti. Uzito unatafutwa kwenye miksi.

Hapo ndipo mtu anasema, "Lakini nikishusha geini nasikia mvumo." Geini haimjui mwimbaji wala feni, ukiipandisha desibeli 10, vyote viwili vinapanda 10. Kinachotenganisha sauti na kelele ni umbali. Toa mdomo sentimita 40 kutoka kwenye maiki, uulete 20, yaani shubiri moja hivi, na sauti ya mwimbaji inaongezeka karibu desibeli 6 huku feni ikibaki pale pale. Usisogee hadi kuilamba maiki: maiki za kadioidi, zile zinazosikia zaidi upande wa mbele, huvimbisha besi kadiri unavyokaribia, na kila "p" itapiga kama ngumi.

Kupima kwenyewe ni dakika mbili. Mwimbaji aimbe sehemu yenye makelele kuliko zote kwenye wimbo, akiwa amesimama atakaposimama, akiwa amevaa hedfoni na mdundo unapigwa. "Testi, testi, moja mbili" haipimi kitu, maana hakuna anayeimba kiitikio kwa sauti hiyo. Zungusha nobu ya geini hadi vilele vigonge kati ya -12 na -10, na wastani uchezecheze karibu na -18. Kisha punguza kidogo tena, kwa sababu rekodi halisi ikianza kila mtu huimba kwa nguvu zaidi. Pete ya taa kuzunguka nobu, kama ile ya intafesi ya Focusrite Scarlett, ikiwaka nyekundu hata mara moja, rudia.

Nobu ni ya geini, narudia. Kitelezi kwenye programu kinabadilisha unachosikia baada ya kurekodi, na nobu ya hedfoni inabadilisha masikio yako tu. Faili limepasuka na mtu anaapa kwamba alishusha sauti; alishusha ya hedfoni.

Kuhusu sauti kuchelewa masikioni, si lazima ununue kompyuta mpya. Bafa ni kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata; ya sampuli 512 kwenye 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) peke yake ni karibu milisekunde 11, na njia ya kwenda na kurudi huzidisha. Ishushe hadi 128, kama milisekunde 2.7, wakati wa kurekodi, uirudishe juu wakati wa miksi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti kwa haraka) ya kiwanda cha intafesi. Sauti ikianza kukwaruza, washa usikilizaji wa moja kwa moja kwenye intafesi, kisha uzime ule wa programu kwenye traki hiyo. Wengi wanaacha vyote viwili, halafu wanalalamika kwamba maiki ina mwangwi.

Na volti 48, ule umeme ambao intafesi hupeleka kwa maiki za kondensa, zinaua maiki ya dainamiki isiyouhitaji? Haziui, mradi waya ni wa XLR (wa pini tatu) usio na hitilafu. Maiki za utepe za zamani ndizo za kuogopea.

Na mwimbaji anayetaka hedfoni moja iwe nje ya sikio aruhusiwe, ila upeleke mdundo wote upande uliovaliwa. Usipofanya hivyo, kile kikombe kinachoning'inia kitamwaga haiheti (matoazi ya mdundo) ndani ya maiki, na haitoki.