Kukataliwa na kushindwa: maswali na majibu kwa vijana wa Lubumbashi, na kwa wazazi wao

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, barabara za komini zetu za Kenya, Katuba na Kampemba zinajaa vijana waliofaulu, wamemwagiwa poda na unga, weupe kuanzia nywele hadi viatu. Aliyeanguka humwoni. Yuko chumbani, simu imezimwa, na nyumba nzima inaongea chini chini kama kuna msiba. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeachwa na mchumba siku chache kabla ya mahari, na kwa yule ambaye faili yake ya kazi imerudishwa tena na kampuni ya mgodi. Maswali haya ni yale yanayoulizwa kwenye kituo cha afya kwa sauti ya chini, mgonjwa akishamaliza kueleza kichwa na tumbo.

Dada muuguzi, mchumba wangu ameniacha. Kifua kinauma kweli, chakula hakipiti, usiku silali. Ni ugonjwa ao ni mawazo tu?

Ni mawazo, na ni mwili pia. Mtu akikataliwa, mwili unatoa homoni zile zile zinazotoka tunapokimbia hatari: moyo unadunda, tumbo linafunga, usingizi unaruka. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawachezesha mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, halafu wachezaji wengine wakaacha kuwapasia. Mchezo tu, tena na watu wasiowajua. Hata hivyo sehemu ya ubongo inayohusika na uchungu wa maumivu ya mwili ilichangamka. Mwaka 2011 wengine wakawaonyesha walioachwa picha za wapenzi wao wa zamani, na ubongo ukajibu kwa namna iliyokaribiana na pale mkono unapochomwa na joto. Anayekuambia unajifanya hajui anachosema.

Parasetamoli lakini si dawa ya kuachwa. Zaidi ya gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, inaweza kuharibu ini. Na kifua kikibana kama kinakandamizwa, pamoja na jasho baridi, pumzi fupi au maumivu yanayoshuka mkononi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna udhaifu wa ghafla wa moyo unaoletwa na mshtuko mkubwa. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990 na kuuita takotsubo. Huwapata zaidi akina mama waliokwisha kukoma hedhi, na kwa wengi moyo hurudia nguvu zake baada ya wiki chache. Ila nyumbani hakuna awezaye kutofautisha huo na shambulio la moyo.

Itachukua muda gani?

Hakuna kalenda. Asubuhi unacheka na wenzako kwenye basi, jioni wimbo mmoja unakuliza. Hiyo ni kawaida. Kinachotazamwa ni hiki: ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, una huzuni au hakuna kinachokupendeza tena, na juu ya hapo usingizi, hamu ya chakula, nguvu au umakini wa kazi vimeharibika, hapo tunafikiria sonona. Sonona inatibiwa.

Nimeanguka Exetat mara ya pili. Baba anasema nimeaibisha nyumba. Nifanye nini na maisha yangu?

Tuanze na mambo ya karatasi, kwa sababu wengi wanalia wakidhani yamekwisha. Exetat inafaulu kwa 50 kwa 100, na aliyeanguka anaweza kujiandikisha tena, kupitia shule au kama otodidakte, yaani mtahiniwa wa kujitegemea. Kama ni kurudi, kujifunza ufundi au kutafuta kazi, usiamue wiki hii. Mtu mwenye uchungu anapiga hesabu vibaya: anachukua alama za fizikia na kuzifanya hukumu ya maisha yote. Kichwa kikitulia, uliza swali dogo: masomo gani yameniangusha, na nani hapa mtaani anaweza kunifundisha?

Sasa aibu, maana kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayochelewesha watu kupona kuliko kushindwa kwenyewe. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia za mji huu, za Likasi na za Kolwezi ziliteseka, na wako ambao hawakuinuka tena. Lakini ilikuwa vigumu kumwambia jirani kwamba amepoteza kazi kwa uvivu, wakati avenyi nzima iko hivyo. Watu waliweza kukaa nje ya paseli, yaani kiwanja cha nyumba, na kuhesabu hasara pamoja. Mtoto anayeanguka mtihani anaanguka peke yake, na kila anayepita mlangoni anaona anamcheka.

Baba, kama ni wewe unayesoma: hasira yako inaeleweka, minervali, ada ya shule, umelipa wewe, pengine kwa mkopo. Ila mtoto aliyetukanwa mbele ya wageni hafungui daftari, anakimbia nyumba. Mpe siku chache, mle bukari pamoja kama kawaida, halafu mkae muongee juu ya mwaka ujao. "Angalia mtoto wa fulani" iache kabisa. Huyo mtoto wa fulani naye ana mambo yake ambayo hujui.

Kila saa naangalia statu zake za WhatsApp. Siwezi kuacha.

Unaweza, ila kujikaripia hakutakusaidia. Kila unapofungua unapata tumaini kidogo na uchungu kidogo, na tumaini hilo ndilo linalokurudisha. Ficha statu zake, futa mazungumzo yenu, na simu isilale nawe kitandani. Kurudia jambo moja usiku kucha, ningesema hivi, ningefanya vile, kunarefusha huzuni. Wanasaikolojia wamelichunguza hilo kwa miaka mingi. Kinachosaidia ni kazi ya mwili, iwe kufua, kutembea kwa miguu au kucheza mpira, na kuamka saa ile ile hata kama hukulala vizuri.

Kuandika pia kunasaidia baadhi ya watu. Tangu miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alikuwa akiwaomba watu waandike juu ya jambo linalowaumiza, dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku 3 au 4, bila kujali makosa ya tahajia. Nafuu ilipatikana, ingawa si kubwa kwa kila mtu. Andika kwa Kiswahili, Kifaransa, Kibemba au Kiluba, hakuna atakayesahihisha. Ukimaliza, chana. Usimtumie yeye!

Na pombe?

Inakulaza saa tatu, inakuamsha saa tisa ya usiku, na huzuni inakungoja pale pale. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ina hatari yake nyingine: hujui nguvu yake, wala kama ndani mna methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ambayo inapofusha na kuua.

Kwenye maombi wameniambia ni blokaje, yaani nimefungwa, nina mume wa usiku, pepo anayenioa ndotoni, ndiyo maana wachumba wanakimbia. Nifunge siku saba kavu?

Usifunge kavu. Mtu ambaye tayari hali wala halali akinyimwa na maji kwa siku nyingi, anaweza kufa. Maombi yenyewe sina neno nayo. Watu wengi hapa wameshikiliwa na kwaya na wenzao wa kanisa wakati ndugu wamewakimbia. Ila dawa za kisukari, kifafa, VVU au sonona zisiachwe kwa agizo la mtu asiye daktari, na jina la shangazi au la mama mzee wa nyumbani likianza kutajwa kuwa mlozi, toka hapo. Wachumba wanaondoka kwa sababu ya pesa, wazazi, woga, mwingine aliyetokea, na mara nyingi hata wenyewe hawajui kueleza. Anayejua sababu moja tu, na anayo dawa yake, muulize bei kwanza.

Wazazi wake wamekataa mahari yangu kwa sababu sina kazi ya kudumu, na yeye hajibu simu. Nataka kwenda kwao usiku huu tuongee kiume.

Usiende, ndugu yangu. Kwa sheria ya familia ya Congo uchumba haumlazimishi mtu kufunga ndoa, kwa hiyo msichana aliyebadili nia hajakuibia. Vitu ulivyopeleka vitazungumzwa na wazee, mchana, mjomba wako akiwepo. Hasira unayoisikia, kwa wanaume wengi ndiyo huzuni yenyewe, maana walilelewa wakiambiwa mwanaume halii. Kumfuata, kumtishia au kusambaza picha zake kunaweza kukufikisha gereza la Kasapa, na huko hakuna anayeenda kwa ajili ya mapenzi. Nenda ulale kwa kaka yako leo.

Rafiki yangu anasema afadhali afe. Nikimuuliza si nitampa wazo?

Hapana. Muulize wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, na wengi wanasikia nafuu kwamba mtu amethubutu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 727,000 walijiua mwaka 2021, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo, kwa hiyo usidhani ni maneno ya kutaka kuhurumiwa. Akijibu ndiyo, na hasa kama ameshafikiria njia, asibaki peke yake hata kwenda chooni bila mtu kusubiri nje. Ondoa nyumbani dawa ya panya, dawa ya wadudu na vidonge. Usimwahidi siri. Mpeleke kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Dkt Joseph Guislain, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, au kwenye dharura ya hospitali iliyo karibu, na ukae naye mpaka apokelewe.

Nikionekana huko, watu wataniita kichaa.

Wataongea, ndiyo. Lubumbashi inaongea. Kama hakuna hatari ya kujiua, unaweza kuanza na muuguzi wa kituo cha mtaa wako. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mama wazee wa Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na hatua ya kwanza ya kulishughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Basi mama mkubwa mwenye subira na mdomo unaofungwa usimdharau.

Daktari akikuandikia dawa za sonona kama fluoksetini au amitriptilini, usitarajie nafuu kesho: mara nyingi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na dawa haiachwi ghafla hata ukijisikia vizuri. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, ya kununua kwenye famasi ya barabarani ni jambo jingine. Inalaza haraka, lakini baada ya wiki chache mwili unaidai. Bila karatasi ya daktari usiinunue, hata kama jirani amekuandikia jina la dawa hiyo.