Baada ya shambulio, uangalieni mwezi wa nne

Kila linapotokea shambulio la kigaidi huulizwa swali lile lile: tufanye nini ili jamii iungane? Kazi yangu ni msaada wa kisaikolojia kwa watu waliokumbwa na majanga, na jibu langu huwashangaza viongozi wengi. Siku za mwanzo watu hawangoji kuunganishwa. Huungana wenyewe, tena kwa kasi ambayo hakuna kamati inayoiweza. Akili, fedha na subira vinahitajika baadaye, kamera zikishaondoka, hasa kuanzia mwezi wa nne baada ya tukio.

Nianze na zile saa za mwanzo, maana hueleweka vibaya. Wengi tunaamini kwamba umati ukipatwa na hofu kila mtu hujiokoa nafsi yake na kumkanyaga aliye mbele. Manusura wa mabomu ya London ya tarehe 7 Julai 2005, yaliyoua watu 52, walisimulia mambo mengine kabisa. Walikuwa abiria wasiojuana, wamenaswa gizani ndani ya treni za chini ya ardhi, moshi umetanda, na hawajui kama lipo bomu jingine. Wakafungana majeraha, wakagawana maji, wakatulizana kwa maneno. Mwanasaikolojia John Drury na wenzake, waliokusanya simulizi hizo, wanaeleza kwamba hatari iliyowakabili wote iliwafanya watu baki wajione kitu kimoja. Nairobi nako, baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998 lililoua watu 213, wapita njia ndio waliotangulia kufukua vifusi, wengi kwa mikono mitupu.

Watu hawa nawatetea kila nipatapo nafasi. Askari wakishafika huambiwa waondoke, wakaenda nyumbani na damu nguoni, na hakuna anayeandika majina yao. Miezi inapita, yule aliyemtoa mtoto wa mwenzake kifusini halali usiku, na kwenye orodha ya waathirika hayumo kwa sababu hakujeruhiwa wala hakufiwa. Waandikeni majina siku ile ile.

Kuhusu kumsaidia mtu aliyetoka kwenye tukio, huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unaijenga juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na nani amechanganyikiwa. Sikiliza anachotaka kusema, usimchimbe. Mwunganishe na ndugu zake, taarifa za kweli, chakula na mahali pa kulala. Zamani tuliwakusanya manusura mara moja na kuwataka wasimulie kila walichokiona, tukidhani wanatua mzigo. Utafiti haukuunga mkono desturi hiyo. Kikao kimoja cha aina hiyo hakizuii maradhi ya kiwewe, na kuna walioishia na hali mbaya zaidi. Walio wengi hupata nafuu wakiwa kati ya watu wao, bila mtaalamu. Kazi yetu ni kuwatambua wachache wasiopata nafuu, na hao hawaonekani wiki ya kwanza.

Sasa nije kwenye mwezi wa nne. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, mwanasosholojia Randall Collins alifuatilia jinsi watu walivyokuwa wakionyesha bendera kwenye nyumba na magari yao. Zilipanda haraka katika wiki mbili za mwanzo, zikabaki juu kwa muda wa miezi miwili au mitatu, kisha zikaanza kupungua, na kati ya mwezi wa sita na wa tisa tangu mashambulizi mambo yalikuwa yamekaribia kurudi yalivyokuwa. Nimeona mwendo huo katika kazi yangu. Mfiwa aliyekuwa na nyumba iliyojaa watu anajikuta na simu isiyolia, wakati ambapo mshtuko umemtoka na uchungu wenyewe ndio kwanza unaanza. Jirani hajamtupa. Amechoka, ana maisha yake, na anaogopa kumkumbusha. Kwake mfiwa lakini, huo ni msiba wa pili.

Huo pia ndio msimu wa mafarakano. Nani alijua mapema na akanyamaza? Fidia inakwenda kwa nani? Hispania ilionja hilo mapema mno. Mabomu ya treni za Madrid yalilipuka tarehe 11 Machi 2004, kesho yake mamilioni ya watu wakaandamana pamoja nchi nzima, na tarehe 14 ukafanyika uchaguzi mkuu. Serikali ilikuwa imelitupia lawama kundi la ETA, lililopigania kwa silaha uhuru wa eneo la Basque, kumbe waliofanya ni wanajihadi. Ubishi juu ya ukweli huo uliendelea kwa miaka, ukawagawa hata waathirika na vyama vyao. Kwa hiyo ninapoulizwa ni dawa gani ya umoja, taarifa za kweli naziweka mbele ya hotuba. Kiongozi ambaye hajajua, aseme hajajua.

Kuna jambo ambalo linaniuma kuliko yote: tukisema "sisi", nani anaachwa nje? Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne tu baada ya mashambulizi yale, Balbir Singh Sodhi, Msingasinga mwenye kilemba, aliuawa kwa risasi huko Mesa, Arizona, na mtu aliyetafuta wa kulipizia kisasi. Aprili 2014, baada ya milipuko na mashambulizi nchini Kenya, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa katika msako, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Magaidi hutaka hasa jamii ianze kubaguana namna hiyo, na tukifanya hivyo tumewakamilishia kazi.

Ndiyo maana tukio la basi la Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, halinitoki. Novemba 2014 wauaji walisimamisha basi katika eneo hilo, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28, wakiwemo walimu. Walimu wengi kutoka mikoa mingine wakakataa kurudi kufundisha huko. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine likavamiwa karibu na El Wak, na amri ikawa ile ile: gawanyikeni. Abiria Waislamu wakakataa. Kuna waliowapa wanawake Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata. Pale hapakuwa na muda wa mafunzo wala semina. Abiria walikuwa wameshaamua, kabla ya siku ile, nani ni mwenzao.

Kwa Christchurch, New Zealand, ambako Waislamu 51 waliuawa misikitini tarehe 15 Machi 2019, watu wengi hukumbuka Waziri Mkuu Jacinda Ardern akiwa amejifunika kichwa, na adhana iliyorushwa nchi nzima Ijumaa iliyofuata. Mimi hukumbuka pia zile siku za kungojea miili. Uislamu unataka maiti izikwe haraka, polisi walitaka utambuzi usio na kosa, na maziko ya kwanza yalifanyika siku tano baada ya mauaji. Mfiwa anaupima umoja kwa mambo kama hayo: je, kuna aliyekuja kunieleza kwa nini nangoja, na lini nitampata wangu?

Hata kumbukumbu yaweza kutonesha. Baada ya mauaji ya tarehe 22 Julai 2011 nchini Norway, ambayo yaliua watu 77, ulichaguliwa mradi wa kuikata rasi iliyo karibu na kisiwa cha Utøya, ambako vijana wengi waliuawa, iwe kama kidonda cha kudumu. Wakazi wa hapo, ambao baadhi yao waliingia majini na mashua zao kuwaokoa vijana, walipinga kulitazama jeraha hilo kila asubuhi madirishani mwao. Mwaka 2017 mradi ukaachwa.

Jambo moja la Norway ningependa liigwe. Serikali ilizitaka manispaa ziwafuate manusura na wafiwa walipo, zisingoje waombe. Kila mmoja awe na mtu wake wa kuwasiliana naye, kwa angalau mwaka mzima. Utekelezaji ulitofautiana, na wapo waliohitaji msaada miaka mingi baadaye. Hata hivyo, kamati ikiniita wiki ya kwanza, hilo ndilo ninaloliomba kabla ya mishumaa na jukwaa: orodha ya familia, waokoaji wakiwemo, na mbele ya kila jina mtu mmoja atakayepiga simu mwezi wa nne, wa sita, na wiki ya kumbukumbu ya mwaka, hasa wiki hiyo, ambapo picha za tukio hurudi kwenye runinga bila kumwonya mfiwa.