Kinanda cha mtu mmoja: yanayosemwa na yalivyo

"Wewe unabonyeza tu, kinapiga chenyewe." Hilo naambiwa karibu kila harusi ninayopiga taarabu na kuimba peke yangu. Ni kweli, ngoma, besi na fidla vimo ndani ya kinanda. Lakini vyote vinafuata kodi (za muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, si za serikali) ninazozishika kwa mkono wa kushoto. Nikichelewa kubadili, besi inang'ang'ania pale pale huku sauti yangu imeshahama, na ukumbi mzima unasikia. Mkono wa kulia unapiga fidla, kisha kidole kimoja kiwahi kitufe cha kubadili mdundo kabla ya kiitikio. Na hapo naimba.

Wazee wa udi wana lao: kinanda hakijui robo toni (sauti iliyo katikati ya noti mbili jirani za kinanda), kwa hiyo Rast na Bayati, makamu za muziki wa Kiarabu, hakiziwezi. Kwa vingi vya zamani walisema kweli. Vya sasa, hasa vilivyolenga soko la Waarabu kama Yamaha za PSR-A, vinakuruhusu kushusha noti moja moja. Rast ikianzia C, nashusha E na B robo toni, basi. Tabu ni kwamba E zote zinashuka, za juu na za chini. Wimbo unaofuata ukiwa wa meja (usio na robo toni) na nimesahau kuzirudisha, ni aibu tupu. Mpiga fidla hana shida hiyo, kidole chake kinateleza tu.

Eti kinanda kimeua taarabu? Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa cha Unguja kipo tangu 1905, na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) bado inalia. Kilichopungua ni viti jukwaani: wapiga fidla na dumbaki (ngoma ya mkono) wamegeuka vitufe. Hilo linaniuma, nami ni mmoja wa waliokalia viti vyao.

Kuhusu bei, huniambia: mtu mmoja, basi nusu bei! Spika, mikisa na gari ni vya nani?

Wengine husema bendi ya watu ni bora siku zote. Mpiga besi asiyefanya mazoezi anaharibu kuliko mashine. Ila watu wakipanga mstari kutunza, mdundo wangu utazunguka hata nusu saa bila kupanda wala kushuka, wakati mpiga dumbaki akimwona mama wa bwana harusi anakuja akicheza, anakaza mkono bila kuambiwa.

Usiku mmoja Pangani umeme ulikatika katikati ya ubeti. Kinanda kimya. Babu mmoja akavuta ndoo ya plastiki, akaudaka mdundo ule ule, akina mama wakaongeza makofi. Nikaimba hadi mwisho, mikono mitupu.