Wadudu wa maharage hawaletwi na mvua

Masika yakianza tu, maharage yakiwa na majani mawili matatu, mbawakavu wadogo wa rangi ya machungwa na nyeusi huvamia shamba na kuyatoboa majani mpaka yanakuwa kama chujio. Uliza wakulima wa Hai au Lushoto, kaskazini mwa Tanzania, utaambiwa wameletwa na mvua. Wapo hata wanaoapa kwamba hudondoka nayo.

Ukweli ni kwamba walikuwa humo humo shambani, chini ya miguu yako. Mbawakavu huyu, Ootheca, hutaga udongoni. Mabuu yake hula mizizi ya maharage, hukomaa huko huko ardhini, kisha hulala kiangazi chote mpaka udongo ulowane. Mvua imewaamsha tu. Ndiyo maana kulima mara baada ya kuvuna, jua likiwa kali, huwapunguza: hufukuliwa wakakauka au wakaliwa na ndege. Na anayepanda maharage juu ya maharage kila msimu anawafuga.

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni ile ya kwamba utitiri ni mdudu kama wengine, dawa yoyote itamuua. Mdudu ana miguu sita. Utitiri aliyekomaa ana minane, ni jamaa wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu, hasa za jamii ya pairethroidi, humwacha hai na kuua utitiri wenzake wanaomla. Baada ya muda mfupi utitiri waharibifu wanakuwa wengi kuliko kabla ya kupuliza, na mwenye duka la pembejeo anashutumiwa kuuza dawa feki. (Feki zipo, sikatai.)

Majani yenye vidoadoa vyeupe wengi husema ni ukame. Kosa hilo linaeleweka, maana utitiri na ukame hufika pamoja: kwenye joto la nyuzi 30 hivi yai huwa utitiri kamili kwa wiki moja tu, lakini kwenye baridi huchukua wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo maharage ya kumwagilia ya kiangazi ndiyo huumia, hasa yale ya kando ya barabara ya vumbi. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vikianza kutembea, tafuta dawa ya utitiri, kama salfa au abamektini, na uelekeze mdomo wa bomba chini ya jani, kwa sababu huko ndiko wanakoishi.

Sisimizi nao husingiziwa kuharibu maharage. Wao wamefuata utamu unaotolewa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, na kwa malipo hayo huwalinda. Mvua kubwa huwaosha vidukari wengi. Mvua ikikatika huongezeka upesi, kwa kuwa jike huzaa bila dume. Usitegemee dawa kuzuia batobato, ugonjwa wa mabaka ya majani: kidukari hupitisha kirusi chake kwa kudonoa jani muda mfupi mno, kabla dawa haijamuua. Anza na mbegu safi.

Miche ikinyauka wiki ya pili au ya tatu, watu hulaumu jua. Ng'oa mmoja, upasue shina pale linapoingia ardhini. Ukikuta funza mweupe au vidude vya kahawia kama punje ndogo, huyo ni inzi wa maharage. Waliochelewa kupanda hupata wengi zaidi, maana inzi wameshazaliana kwa majirani. Miche iliyobaki ipandishie udongo shinani ili itoe mizizi mipya juu ya kidonda.