Treni za London hupita Carnforth, lakini hazisimami

Ukitazama ramani ya reli ya Uingereza utaona mji mdogo wa Carnforth, kaskazini mwa Lancaster, ukiwa juu kabisa ya njia kuu ya London hadi Glasgow. Wengi huamini basi kwamba treni za mwendokasi husimama hapo. Sivyo.

Stesheni ilifunguliwa mwaka 1846, na baadaye ikawa makutano muhimu ya reli tatu: ya Glasgow, ya Barrow na ya Leeds. Majukwaa ya njia kuu yalifungwa mwaka 1970, kabla nyaya za umeme hazijafika Glasgow mwaka 1974. Yaliyobaki ni majukwaa mawili ya njia ya pembeni, ambako husimama treni za kampuni ya Northern ziendazo Lancaster, Barrow na Leeds.

Kosa linalowagharimu wasafiri ni kusahau hili: kutoka Carnforth kwenda Oxenholme au Glasgow, kaskazini, lazima kwanza urudi kusini hadi Lancaster, takriban kilomita 10, ndipo upande treni nyingine. Anayetoka stesheni ya London Euston naye kwa kawaida hubadilisha treni Lancaster. Nunua tiketi moja ya safari nzima. Hata ikiwa ya bei nafuu na imefungwa kwa treni maalumu, tiketi hiyo hukulinda treni ya kwanza ikichelewa, mradi uliacha muda wa kutosha wa kubadilisha. Treni za Leeds ni chache mno kwa siku, kwa hiyo angalia ratiba kwanza, hasa Jumapili.