Kifuko cha nikotini chini ya mdomo wa mchezaji

Swali hili hunijia kikao kikishakwisha, mchezaji akiwa tayari na begi begani: je, kile kifuko cha nikotini, kichocheo kinachopatikana katika tumbaku, anachokibana chini ya mdomo wa juu kimekatazwa? Hakijakatazwa. Mwaka 2012 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, iliiweka nikotini katika orodha ya vitu vinavyofuatiliwa, na kufuatilia si kupiga marufuku: mkojo hupimwa ili ukubwa wa matumizi ujulikane, lakini anayekutwa nayo haadhibiwi.

Maabara ya Lausanne, Uswisi, ilikuwa imepima sampuli 2,185 za mkojo kutoka michezo 43, na matokeo yake ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa takriban asilimia 15 ya wanamichezo hao walikuwa wakiitumia kwa dhahiri. Katika hoki ya barafuni mazoea hayo yamekita mizizi zaidi, hasa kwa njia ya snusi, tumbaku ya Kiswidi ambayo ni ndugu wa ugoro wetu.

Nikotini hushika vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe wa neva, katika ubongo na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, homoni ya adrenalini ikamwagika, moyo ukaenda mbio, na umakini ukapanda kwa muda. Katika jaribio la mwaka 2006 wanaume 12 wasiovuta sigara walibandikwa plasta ya nikotini wakaendesha baiskeli mpaka wakachoka kabisa. Kwa wastani walidumu asilimia 17 zaidi kuliko walipobandikwa plasta tupu, na kwa kuwa vipimo vya damu na pumzi havikubadilika, watafiti waliamini kwamba siri imo ubongoni.

Jaribio hilo huninukuliwa mara kwa mara, na neno "wasiovuta" husahaulika kila mara. Mwili wa mraibu ni habari nyingine. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili hivi, kisha huja wasiwasi na hasira; anayebana kifuko kabla ya mechi huhisi amenolewa, kumbe sehemu kubwa ya nafuu hiyo humrudisha tu pale alipo mwenzake asiyetumia. Kotinini, mabaki yake, hubaki mkojoni kwa siku kadhaa, kwa hiyo kipimo hakiwezi kumtenga aliyeitumia kwa ajili ya mechi na asiyeweza kuamka bila hiyo, na hapo ndipo ninapoona marufuku ingekwama.

Kwa hiyo mwenye begi simjibu kuhusu nguvu. Namuuliza kifuko cha kwanza hukiweka dakika ngapi baada ya kuamka. Akisema ni kabla ya kupiga mswaki, namwomba aweke begi chini, tuzungumze upya.